Tupeane uzoefu: kitanda cha mtumba cha kuunganisha chenye droo, kilikutoaje jasho?

Mama Pacha wa Moshono

Habari za jioni wadau. Naandika nikiwa nimekaa kwenye godoro lililolala sakafuni. Mbao zimeegemea ukuta pande zote kama wageni waliokosa viti, na baba watoto amehamia sebuleni "mpaka mtakapoelewana na hicho kitanda chako".

Kisa chenyewe ni hivi. Kuna familia ya Waingereza ilikuwa inahama Njiro, hapa Arusha, wanauza kila kitu hadi vibanio vya nguo. Nikakipenda kitanda: cheupe, droo nne chini, mbili kila upande. Laki mbili na themanini. Tukakubaliana nije Jumamosi na kirikuu (kigari kidogo cha mizigo). Jumamosi nafika nakuta wameshakifungua, mbao zimepangwa barazani, skrubu zote kwenye bahasha moja ya kaki. Nikawashukuru sana, nikaona wameniokolea kazi. Leo ndiyo najua nilikuwa nashukuru nini.

Nyumbani nikahesabu: mbao 34, bahasha moja, karatasi ya maelekezo hakuna. Nikamwita fundi wa mtaani kwetu, mtu wa heshima zake, vitanda vyake vya mninga vimejaa mtaa mzima. Akazizunguka mbao mara mbili, akaokota kidude kimoja cha chuma cha duara, akakinusa (nasema kweli, akakinusa), akaniambia, "Dada, hiki siyo kitanda. Hili ni kabati limelala." Kisha akachukua nyundo. Pigo la tatu, kona ya ubao ikapasuka ikamwaga unga kama andazi la juzi. Nikamkaribisha chai. Baada ya chai nikamwomba apumzike tu, tutaonana siku nyingine.

Sasa nyie mliopitia haya, tupeane uzoefu. Mlianzia wapi? Vile vidude vya duara vinafanya nini? Na reli za droo: ninazo vipande 16, vyote kwangu ni pacha, na mimi pacha nawajua.

Chalii wa Sakina

Nimeweka kiti hapa. Fundi kunusa nati ndiyo nini sasa 😂😂

Fundi Kekee, Unga Limited

Dada Mama Pacha, pole. Huyo fundi usimlaumu sana, hata mimi nilivunja kimoja mwaka wa kwanza wa kazi nikakilipa.

Elewa kitu kimoja kwanza. Kitanda cha mninga kinashikwa na ulimi na tundu: ubao unaingia ndani ya ubao, ukigonga nyundo unakaza. Hicho chako ni chipubodi, vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kubanwa, juu limevishwa ngozi nyeupe. Msumari haukai humo na nyundo ni adui. Kinashikwa na vitu vitatu tu. Kuna vijiti vya mbao vyenye mistari, vingi ni milimita 8, kazi yake ni kuweka mbao sambamba zisicheze. Kuna misumari ya nyuzi yenye shingo nyembamba na kichwa. Halafu kuna hivyo vya duara, vingi ni milimita 15, sisi tunaviita kamu.

Kamu inafanya kazi hivi. Msumari wa shingo unaufunga kwenye ubao wa kwanza mpaka ukae. Ubao wa pili una tundu pembeni na shimo la duara usoni. Unatumbukiza kamu kwenye shimo, ule mdomo wake ulio wazi (mara nyingi umechorwa mshale) uelekee ukingoni, huko msumari unakotokea. Unasukuma ubao mpaka kichwa cha msumari kiingie mdomoni. Ndipo unazungusha kwa bisibisi, kama nusu mzunguko hivi, kamu inaikaba ile shingo na kuvuta mbao mbili zibusiane. Ikigoma usitie nguvu. Zile ni aloi laini zinakatika. Kugoma maana yake mbao hazijakutana au mshale unaangalia pengine. Rudisha, sukuma, jaribu tena.

Ile kona iliyopasuka: tia gundi nyeupe ya mbao hadi ndani kabisa ya ufa, weka vibao viwili juu na chini ubane, uache hadi kesho. Futa inayotoka kabla haijakauka. Na tundu lililolegea, ambalo skrubu inazunguka bila kushika (kitanda kilichofunguliwa mara mbili tatu lazima yawemo), chovya vijiti vya meno kwenye gundi, jaza tundu, kata vilingane na ubao, subiri usiku mzima ndiyo ufunge skrubu. Tundu likiwa limeharibika kabisa natoboa la milimita 10, nagongea kijiti kigumu chenye gundi, halafu natoboa upya katikati yake. Hicho hakitoki tena.

Reli za droo nitumie picha, nataka kuona zina gurudumu au hazina.

Mtoto wa Pangani, sasa Rau

Mie nimeolewa Moshi mwaka wa tisa huu na kila nikisoma mambo ya vitanda nabaki kucheka. Kwetu kitanda kina majina yake. Miguu ni matendegu. Mbao mbili ndefu za ubavuni ni mifumbati. Zile fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo. Siku niliponunua changu cha kuunganisha, marehemu babu alikuwa kaja kututembelea. Kashika ubao mmoja, kauliza, "Huu mfumbati?" Nikamwambia ndiyo babu. "Na tendegu liko wapi?" Nikamwambia hakina, kinakalia droo. Akanyamaza kitambo. "Basi kitanda hakina miguu, kitakwendaje?"

Na kweli hakikwenda. Tulipohama nyumba tulikisukuma kizima badala ya kukifungua, kikaachia kona zote mbili za upande wa kichwani. Vitanda hivi vya droo havisukumwi. Uzito wote umelalia maboksi ya chini, ukivuta mfumbati maboksi yanabaki pale pale, kamu zinang'oka na nyama ya ubao.

Mpangaji wa Kijenge

Langu fupi na la aibu. Nilikiunga sebuleni kwa sababu kulikuwa na nafasi, nikakimaliza saa 5 usiku, nikakipiga na picha. Mlango wa chumbani una sentimita 80. Nilikifungua chote upya.

Halafu kikaingia, nikakisogeza ukutani upande mmoja kama tulivyozoea. Droo za upande huo hadi leo sijawahi kuzifungua. Chumba changu ni mita 3 kwa 3, kitanda na fremu yake kinakula mita 1 na 60, ukikiweka katikati kila upande inabaki sentimita 70, na droo inataka 60 kutoka, zinabaki 10 tu za kusimama. Kwa hiyo ukitaka shuka unapanda kitandani, unajilaza tumbo, unachota kwa juu.

Mstaafu wa Sekei

Vijana, mimi niliwahi hii biashara kabla yenu. Nilikuwa dereva, na siku zile Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari, pale jumba la mikutano la AICC, ilikuwa inaelekea kufungwa. Ilifunga rasmi tarehe 31 Desemba 2015, lakini watu walianza kuondoka kidogo kidogo mapema. Kila mwisho wa mwezi kuna nyumba inamwagwa. Majokofu, makochi, baiskeli za watoto, vitanda. Mtu mwenye gari na pesa kidogo alikuwa mfalme.

Kitanda cha kwanza nilinunua kama huyu mama, kimefunguliwa na mwingine. Nililia. Cha pili nilimwambia mwenye nacho, "Mama, tafadhali usikiguse. Nitakuja kukifungua mimi mwenyewe mbele yako." Hapo ndipo siri yote ilipo. Nilikwenda na selotepu ya karatasi, makapeni na makopo matano ya Blue Band. Kabla ya kulegeza chochote nikapiga picha kona zote, na chini ya chaga (vile vibao vya kulalia godoro), na droo ikiwa ndani na ikiwa nje. Kila kiungo nikabandika selotepu mbili, moja ubao huu, moja ubao ule, nikaandika namba moja kote: 1 inakutana na 1, 2 na 2. Skrubu za kichwani kopo lake, za chaga kopo lake, za droo kopo lake. Nilitumia saa mbili na nusu kukifungua. Kukifunga, dakika hamsini.

Lingine: geuzeni mbao. Mahali fulani kuna karatasi ndogo au chapa yenye jina na namba. Zile za IKEA (kampuni ya samani ya Uswidi) kijitabu chake karibu chote ni michoro, maneno ni kama hayapo, kwa hiyo Kiswahili, Kiingereza, Kiswidi yote sawa. Ukipata jina, kijitabu unakikuta mtandaoni bure, na kila aina ya skrubu imechorwa na namba yake. Binti yangu alikichapisha Sekei stesheneri kwa buku mbili (elfu mbili).

Sasa hicho cha pili nilimpelekea mama yangu Marangu, Krismasi. Tulikipakia asubuhi, na mvua ikatukuta Himo. Turubai lilifunika juu, ubavuni likapeperuka. Chipubodi na maji ni paka na panya. Ukingo wa ubao mmoja uliumuka kama mkate na haukurudi tena hadi leo, nilisugua msasa nikapaka rangi tu ili asione. Aliona.

Lakini kichekesho ni droo. Mimi nilidhani ataweka mablanketi. Nilivyorudi Pasaka nikakuta droo moja ina maharage, moja mahindi ya mbegu, moja kahawa, ya nne imefungwa na hataki kusema ina nini. Debe la maharage linakaribia kilo 20 na yeye alitia mawili. Kitako cha droo ni kibao chembamba milimita 3 tu, kimechomekwa kwenye mfereji, hakina msumari hata mmoja. Kikapinda, kikachomoka mferejini, maharage yote chini ya kitanda. Panya wakapata taarifa kabla yangu. Nikakata plaiwudi ya milimita 6 nikaongezea chini ya kila droo na vijiti viwili vya kukingama. Akaniambia, "Sasa ndiyo ghala."

Chalii wa Sakina

Shikamoo mzee. Ya nne ina nini?

Mstaafu wa Sekei

Marahaba. Hadi leo sijui, na nina miaka 66.

Kijana wa Pasua

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Mimi kitanda nilikipata kwa bei ya kutupa, elfu 60, kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahama hosteli. Hakukuwa na tatizo la kufunga, tatizo lilianza usiku wa tatu. Kunguni.

Ushauri wangu: kabla hujatoa hela washa tochi ya simu uangalie matundu. Siyo juu ya ubao, MATUNDU. Ya skrubu, ya kamu, mfereji wa droo, na pale chaga zinapokaa. Kunguni mkubwa ana milimita 5 hivi, bapa, anaingia popote kadi ya benki inapopita. Ukikosa wenyewe tafuta alama: vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, na maganda yao.

Jirani alinishauri maji ya moto kama vitanda vya mbao vya nyumbani. Nikamwaga kwenye ubao mmoja tu nikaona unavimba (mzee hapo juu ameshasema). Jua la Moshi ni kali lakini kwenye ubao mnene wanahamia upande wa kivuli. Kilichonisaidia ni kukifungua chote, pasi ya mvuke taratibu kwenye chaga na reli za chuma, na kwenye matundu ya chipubodi hewa ya moto ya drai ya saluni niliyoazima kwa dada yangu. Wiki ya pili nikarudia kwa ajili ya mayai. Kisha nikaziba kwa nta matundu yote yasiyotumika. Dada aliomba drai yake, akasikia ilifanya kazi gani, akaniachia.

Mke wa Mwalimu, Soweto

Mtu asisahau mhimili wa kati! Chaga zinakuwa nusu nusu, zinakutana katikati juu ya chuma kirefu kutoka kichwani hadi miguuni. Kile chuma kwa IKEA kina jina lake, Skorva, na namba yake peke yake, ndiyo maana kwenye kuhama kinasahaulika nyuma ya mlango. Sisi hatukujua kama kipo. Tukaona chaga zinacheza katikati, mwalimu akaweka matofali mawili na msahafu wa zamani wa kemia juu yake. Ilikuwa saa 8 usiku, mimi mjamzito wa miezi saba. Sisemi zaidi.

Fundi wa kuchomelea pale Majengo alitutengenezea cha skwea paipu, akakipinda masikio mawili ya kuning'inia. Elfu 18 na soda. Kimeshika mwaka wa nne.

Mama Pacha wa Moshono

Jamani! Nimekimbia kuangalia, mhimili upo, niliusimamisha nyuma ya jokofu nikidhani ni fimbo ya pazia. Mke wa Mwalimu Mungu akubariki.

Swali lingine linanitia hofu. Godoro langu ni 5 kwa 6. Nimelilaza kwenye mbao kwa makadirio, naona kama halitoshi.

Dada wa Magodoro, Kilombero

Hili ndilo linalowaleta watu dukani kwangu wakiwa wamenuna. Magodoro yetu ni futi. 4 kwa 6 ni sentimita 122 kwa 183. 5 kwa 6 ni 152 kwa 183. 6 kwa 6 ni 183 kwa 183. Vitanda vya wazungu urefu siyo futi 6, ni mita 2, au karibu yake.

Wauzaji wako Waingereza, basi pima ndani ya fremu. Ukikuta 135 kwa 190, hicho ni kwao cha watu wawili, na 5 kwa 6 haiingii hata uibembeleze. Ukikuta 150 kwa 200, godoro lako linaingia kwa kubana, sponji inakubali hizo sentimita 2, ila miguuni utabaki na pengo la 17. Vya Ulaya bara huwa 140, 160 au 180, urefu 200. Kile cha 160 ndicho kinasumbua, godoro linaogelea pande zote.

Pengo la miguuni nawakatia kipande cha sponji cha unene ule ule, tunakishonea kitambaa, unakichomeka, shuka linafunika. Kiweke miguuni, siyo kichwani. Kuna mteja alikiweka kichwani, mto ukawa unazama usiku kucha akaamka na shingo. Mwenye uwezo aagize godoro la vipimo vyake kiwandani, linakatwa.

Mama Pacha wa Moshono

150 kwa 200 kamili!

Fundi Kekee, Unga Limited

Basi umebahatika, maana hicho hakihitaji hata hesabu. Ukishaunga fremu na kabla ya kukaza kwa nguvu, pima ndani kutoka kona hadi kona, mshazari. 150 kwa 200 ni ile tatu-nne-tano ya mafundi ujenzi, mara hamsini. Mishazari yote miwili lazima isome 250. Ukisoma 251 huku na 249 kule fremu imepinda, sukuma ile kona ndefu kwa goti mpaka zilingane, ndiyo ukaze. Fremu ikipinda, droo hazitakusikia.

Picha yako ya reli nimeiona. Zina vigurudumu vyeupe, safi. Sasa chukua kitambaa, futa vumbi karibu na vigurudumu, angalia chuma vizuri. Kuna herufi mbili zimegongwa. Utakuta CL, CR, DL, DR. C ni ya fremu, D ni ya droo, L ni kushoto, R ni kulia, ukiwa umesimama mbele ya droo unaitazama. Vipande 16 kwa droo nne ni vinne vinne. Reli ya fremu gurudumu lake linakaa mbele, karibu na wewe. Ya droo gurudumu linakaa nyuma. Kuingiza: inua uso wa droo juu, pitisha magurudumu ya nyuma yavuke yale ya mbele ya fremu, yadondoke kwenye njia yake, kisha shusha uso, sukuma.

Mpangaji wa Kijenge

Mimi nimeishi na hicho kitanda miaka miwili na sikujua zina herufi. Ndiyo maana droo yangu moja inatoka kama inashuka mlima wa Kitonga.

Mama Pacha wa Moshono

Mrejesho, Jumapili saa 12 jioni.

Kona iliyopasuka ilishika. Niliifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli kwa sababu kibano sina. Matundu mawili yalikuwa yamelegea, vijiti vya meno vimefanya kazi. Jina la kitanda nilikosa, karatasi ilishachanwa, kwa hiyo tuliunga kwa kufuata vumbi: mbao zilipokutana miaka yote pamebaki alama safi isiyo na vumbi, ukizilinganisha zinajisema zenyewe. Hilo liliwazwa na baba watoto, lazima nimpe haki yake.

Mshazari ulisoma 250 na 252. Nikapiga goti. 251 na 251, nikasema fundi Kekee atanisamehe.

Herufi zipo! Ila CR moja hakuna, nina CL tano na CR tatu. Droo tatu zinateleza kama maji, ya nne nimeisimamisha ukutani mpaka nipate reli.

Yule fundi wa mninga alisikia kimesimama akaja kuona. Hakusema kitu. Alilala chini na tochi ya simu, akafungua droo, akafunga, akafungua, akafunga. Alipotoka aliomba kalamu na karatasi, akaniambia nimwandikie zile herufi nne na maana zake. Ile CL iliyozidi ameichukua ya mfano, anasema ataulizia CR yake kwa wanaovunja makabati pale Mbauda, nisubiri hadi Jumatano.